Mali Bila Daftari: Historia ya Maduka ya Barabara Kuu ya Uvira



Kamati ya jumuiya ilipotuomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wengi walitazamia kwamba tutaandika habari za vita. Habari hizo zimeandikwa na bado zitaandikwa. Sisi tumechagua kuandika habari za maduka, na sababu yake ni hii.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa sita zoezi la kuchora. Kila mmoja achore barabara kuu ya mji wa kwao, aonyeshe maduka na kazi zinazofanyika pale. Karibu wote walichora soko la hapa kambini: vibanda vya miti na maturubai, mama mwenye mafungu ya dagaa, kijana anayechaji simu kwa umeme wa jua. Mtoto mmoja aliandika juu ya karatasi yake kwa herufi kubwa "UVIRA", lakini vibanda vilikuwa vile vile vya Nyarugusu. Hatukumpa sifuri. Amezaliwa hapa, na hakuna aliyemweleza.

Sisi wenyewe tulitoka Uvira tukiwa wadogo. Tunakumbuka harufu ya sabuni na ya nguo mpya, na kaunta iliyokuwa juu kuliko kichwa chetu. Mengine yote tumeyapata kwa wazee waliofanya kazi katika maduka hayo, na kwa vitabu tulivyosoma chuoni. Ndugu wa Baraka, Fizi na Kalemie watusamehe. Nao wana barabara zao, na tunawaomba waziandike.

MJI WENYE BARABARA MOJA

Uvira upo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi. Ukisimama ufukoni, ng'ambo ya maji unauona mji wa Bujumbura. Ukigeuka, milima ya Mitumba imekusimamia mgongoni. Kati ya mlima na ziwa nafasi ni nyembamba, ndiyo maana mji haukuweza kupanuka pande zote kama miji mingine. Umejinyoosha kama kamba, na barabara kubwa ni moja: hutoka mpaka wa Kavimvira, hupita Mulongwe na Kimanga, hufika bandari ya Kalundu. Mito ishukayo mlimani, kama Mulongwe na Kalimabenge, huikata barabara hiyo, na mvua ikizidi huingia mpaka madukani.

Kwa hiyo kila aliyetaka kuuza kitu alikuja barabarani. Mvira wa mjini, Mfuliiru kutoka milimani, Mbembe kutoka kusini, Mnyamulenge mwenye maziwa na ng'ombe, Mrundi wa bonde la Ruzizi, wote walikutana mbele ya kaunta zile zile. Tuliyaita maduka makubwa "magazini" na madogo "butike". Mtu akisema "nashuka mjini", maana yake alikuwa anakwenda kwenye barabara hiyo.

KABLA YA KAUNTA

Biashara ya Uvira ni ya zamani kuliko barabara yenyewe. Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton aliandika kwamba mahali hapo palikuwa kituo kikubwa cha kaskazini kwa wafanyabiashara wa ziwani. Vitu vilivyouzwa vilikuwa pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na watumwa.

Neno hilo la mwisho tusiliruke. Barabara yetu haikuanza kwa usafi. Kuna watu waliouzwa pale kama mizigo. Katika miaka ya 1880 biashara ya upande wa kaskazini wa ziwa ilikuwa chini ya mkono wa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mwenye makao Ujiji. Wakati huo fedha ya noti haikuwapo. Watu walitumia shanga, nguo na chumvi. Hata hivyo, kwa njia hiyo hiyo ya mitumbwi Kiswahili kilifika kwetu, pamoja na Wangwana ambao wajukuu wao ni jirani zetu hadi leo.

WAKATI WA WABELGIJI

Serikali ya Wabelgiji ilipojenga kituo chake, mambo yalibadilika kwa sababu ya usafiri. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915 upande wa Kongo nao reli ilifika ziwani mahali panapoitwa leo Kalemie. Tangu hapo shehena iliweza kushushwa Dar es Salaam, kupanda treni hadi Kigoma, kupanda meli hadi Kalundu, na kuishia kwenye rafu ya duka la Uvira. Wanafunzi wetu hushangaa tunapowaambia hivyo: bidhaa za kwao zilipita katika mkoa huu huu tunaoishi leo kama wakimbizi.

Wenye maduka wengi walikuwa wageni: Wahindi, Waarabu, Wagiriki. Waafrika walikuwa nyuma ya kaunta kama makarani na wapimaji, nje kama wachukuzi, na barazani kama mafundi cherehani. Tusisahau baraza. Kila magazini yenye heshima ilikuwa na baraza lenye kivuli, na fundi mmoja au wawili wakishona. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, akapimwa pale pale. Mwenye duka hakumlipa fundi mshahara. Fundi alilipwa na mteja, na mara nyingine mwenye duka alikata sehemu kwa ajili ya kivuli chake.

Bidhaa zilikuwa marekani na kaki, blanketi, jembe, chumvi, sabuni ya miche, taa za chemni, mafuta ya taa, na kwa aliyejiweza, baiskeli. Wanunuzi walipata fedha kutokana na pamba ya bonde la Ruzizi, samaki, na mishahara. Tangu miaka ya 1950 kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini ya mji, kiliongeza wafanyakazi wenye kulipwa kila mwezi. Siku ya mshahara wa Kiliba ilijulikana barabara nzima.

Hapa ndipo tulipofikia kitu kilichotupa jina la makala hii. Baina ya mshahara na mshahara, watu waliishi kwa daftari. Mwenye duka aliandika jina, tarehe, kitu na bei. Mteja aliweka alama au kidole. Hakukuwa na polisi wala rehani. Mwenye duka alikujua, alimjua baba yako, na alijua kwamba kesho utahitaji chumvi tena. Na yeye mwenyewe alikuwa ameandikwa katika daftari la mwingine: mwenye bohari kubwa wa Bujumbura au Bukavu aliyempa mzigo kwa mkopo, kwa sababu jina lake lilijulikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani methali hiyo inahusu hesabu peke yake. Kumbe inahusu na uaminifu, maana daftari ni orodha ya watu wanaoaminiana.

UHURU NA VITA VYA 1964

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miaka minne baadaye, Mei 1964, Uvira uliangukia mikononi mwa waasi wa wakati wa Mulele na Soumialot, na Oktoba mwaka ule ule jeshi la serikali likaurudisha. Wazee wanakumbuka milango iliyofungwa, wenye maduka waliovuka kwenda Burundi, na wengine ambao hawakurudi tena. Lakini waliorudi walifungua, na watu waliokuwa na madeni wakayalipa kidogo kidogo. Vita vilikuwa vimepita juu ya daftari bila kulichana.

Mwaka 1967 ilitolewa fedha mpya, zaire, yenye makuta 100. Zaire moja ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Wazee wakisimulia miaka hiyo sauti zao hubadilika. Fundi cherehani aliweza kujenga nyumba. Karani wa duka aliweza kusomesha watoto watano.

MWAKA 1973

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara nyingine za wageni zitapewa Wazaire. Jambo hili liliitwa zairianizasioni. Watu walishangilia, na kwa nini wasishangilie? Kwa miaka mingi waliona mali ya mji ikiwa mikononi mwa watu wa nje, na Mwafrika akibaki barazani. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki.

Lakini angalieni jinsi jambo lilivyofanyika. Katika nchi nzima waliogawiwa maduka wengi wao walikuwa wakubwa wa chama, maofisa na jamaa zao. Fundi wa barazani hakupewa, wala karani aliyelijua duka kwa miaka ishirini. Wengi wa waliopewa waliuza bidhaa walizozikuta, wakatia fedha mfukoni, na rafu zilipokwisha wakashindwa kuzijaza. Mwenye bohari alikuwa amemkopesha yule wa kwanza kwa jina lake, na jina haligawiwi kwa tangazo.

Mzee mmoja aliyekuwa karani katika magazini ya Mhindi alitusimulia siku ya makabidhiano. Bwana mpya alikuja na karatasi. Alihesabu vitambaa, akahesabu sanduku la fedha, kisha akaomba daftari la madeni. Mhindi akampa bila neno. Mwezi uliofuata bwana mpya alimtuma karani kudai. Nyumba ya kwanza alijibiwa: "Mimi nadaiwa na yule, sidaiwi na huyu." Nyumba ya pili vivyo hivyo. Mji mzima ukawa umesamehewa madeni kwa siku moja, na watu wakacheka. Baada ya miezi michache walikwenda kununua chumvi kwa mkopo wakaambiwa: "Hapa siku hizi ni fedha taslimu." Kisha chumvi yenyewe ikakosekana.

Baba yetu mzazi alikuwa mmoja wa waliocheka. Alikuwa kijana anayejiandaa kuoa, na katika daftari lile aliandikiwa vitenge viwili na blanketi moja. Hakulipa kamwe. Mwaka 1976 serikali ilikiri kosa ikawaita wenye mali warudi, na baadhi yao walirudi, lakini Mhindi yule hakuonekana tena Uvira. Baba alitueleza habari hiyo hapa hapa kambini, katika miaka yake ya mwisho, baada ya kibanda chake mwenyewe kuvunjwa usiku na kuibwa. Alisema: "Mwanangu, vitenge vile nilimwolea mama yenu. Mwenyewe aliondoka na mkoba mmoja, nami nilisimama barabarani nikimtazama." Hakusema zaidi ya hapo.

FEDHA INAPOKUWA KARATASI

Baada ya hapo barabara haikufa, ila ilibadilika. Desemba 1979 serikali ilifuta ghafla noti za zaire 5 na zaire 10. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Aliyekuwa ameficha mtaji wake chini ya godoro aliamka na makaratasi. Tangu siku hiyo wafanyabiashara wengi waliacha kuweka akiba kwa zaire. Waliweka kwa kitenge, kwa sukari, kwa faranga za Burundi, kwa dola, na wengine kwa dhahabu.

Mishahara ikawa haitoshi, na watu wakaishi kwa kile tulichokiita kwa mzaha "Kifungu cha 15", yaani jitafutie mwenyewe. Hapo ndipo akina mama walipoikamata barabara. Mbele ya magazini zilizofungwa walipanga meza za ndagala, mikeke, mawese, sombe na unga wa muhogo. Walivuka mpaka wa Kavimvira asubuhi kwenda Bujumbura na kurudi jioni na sabuni na nguo. Mtaji wao ulikuwa mdogo, lakini daftari walilirudisha kwa namna nyingine: likilimba, yaani mchezo wa kuchangiana, ambapo kila juma mmoja hupokea fedha za wote. Mwenye kupokea leo na kutoroka kesho hakupata tena mahali pa kuweka meza yake.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu kupita yote. Septemba 1991 askari walipora maduka Kinshasa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, ambayo wafanyabiashara waliikataa, walipora tena Kinshasa. Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, na moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Hebu walimu wenzetu watumie hesabu hiyo darasani. Fedha iliyoanza kwa dola mbili ilifikia kuhitaji mfuko wa kuibebea.

TULIPOKUWA WENYEJI

Oktoba huo huo wa 1993 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa, na Warundi wakakimbilia kwetu. Mwaka 1994 wakaja na Wanyarwanda. Kufikia mwaka 1996 bonde la Ruzizi na viunga vya Uvira vilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000. Wakati huo sisi ndio tuliokuwa wenyeji, na wao ndio waliokuwa chini ya maturubai.

Barabara ilifaidika, tusifiche. Nyumba zilipangishwa kwa mashirika, maturubai na mahindi ya msaada yaliuzwa sokoni, na wenye meza walipata wateja wapya. Pia kulikuwa na maneno: kwamba wakimbizi wanaharibu bei, wanamaliza kuni, waondoke. Baadhi ya maneno hayo tunayajua kwa moyo, maana leo huwa tunayasikia yakisemwa juu yetu.

Tarehe 24 Oktoba 1996 vita vya AFDL viliufikia mji. Wakimbizi walikimbia, na wenyeji wakakimbia pamoja nao. Watu walishuka ufukoni wakapanda chochote kilichoelea kuja Kigoma. Fundi mmoja alifungua kichwa cha cherehani yake, akaacha meza na pedeli, akavuka nacho amekipakata kama mtoto. Kiwanda cha Kiliba kilisimama mwaka huo. Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yetu.

BARABARA YA KAMBINI

Mwanzoni hapakuwa na duka. Kulikuwa na mgao tu, na mtu aliyechoka mahindi alitafuta mwenye dagaa. Kisha wakatokea wa kwanza kukaa chini na mafungu. Fundi yule aliunda meza ya mbao, akatafuta pedeli, akaanza kutia viraka. Wakaja kinyozi, mtengeneza baiskeli, msaga unga. Vibanda vikajipanga mistari miwili, katikati ikabaki njia, na njia ikawa barabara kuu. Ndugu wa Lugufu, kambi yao ilipofungwa mwaka 2009, walihamia kwetu na biashara zao. Mwaka 2015 walikuja Warundi kwa maelfu, na barabara ikaongezeka lugha na ushindani.

Masharti ya biashara hapa yamebadilika mara nyingi. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mtu awe na kibali ili atoke kambini, kwa hiyo mfanyabiashara wetu hawezi kufuata mzigo apendavyo. Humtegemea Mtanzania anayeleta, naye humpa kwa mkopo kama anamwamini. Ni daftari lile lile. Mama anayeuza nyanya kwenye njia ya kwenda shuleni ameandikwa mahali na mkulima wa kijiji cha jirani, na yeye ameandika majina ya walimu, pamoja na letu.

TUNAYOOMBA

Ndugu zetu wa mashirika, mnapopita barabara hiyo na kuona vibanda vibovu, tafadhali msione takataka zilizokosa mpangilio. Kibanda kikivunjwa bila taarifa, mbao zinaweza kuokotwa tena. Madeni ya daftari hayaokotwi. Tunaomba kila mabadiliko ya soko yatangazwe mapema, ili watu wadai na walipe.

Ndugu wenzetu wakimbizi, sisi tunalo neno gumu zaidi. Zimeanza kusikika sauti sokoni kwamba fulani si wa kabila letu, fulani si wa nchi yetu, asipewe nafasi, deni lake lisilipwe. Sisi ni wageni mahali hapa. Kinachotulinda ni kwamba mwenyeji anakubali kuliandika jina letu. Barabara yetu ya Uvira ilivumilia vita vya 1964, lakini kicheko cha 1973 kiliiua kwa miaka mingi. Tusicheke tena.

Kwa upande wetu, tumeanza kazi ndogo shuleni. Kwenye karatasi kubwa tumechora mstari mmoja kutoka Kavimvira hadi Kalundu, mito ikiwa imewekwa mahali pake. Wazee wanakuja kutuonyesha: hapa palikuwa na magazini ya nguo, hapa mwoka mikate, hapa fundi saa, hapa mama wa mikeke. Wanafunzi wanaandika. Upande wa kulia wa Mulongwe umeanza kujaa. Upande wa Kalundu bado una nafasi nyingi tupu. Tunawaomba wote mliouza, mlionunua, mlioshona au mliobeba mizigo katika barabara ile mje Jumamosi asubuhi, baada ya mgao, katika darasa la mwaka wa sita. Na kama yupo anayemkumbuka Mhindi wa vitenge aliyekuwa na duka karibu na daraja, au anayejua watoto wake walikokwenda, tafadhali atuone. Tuna deni la vitenge viwili na blanketi moja.